PlayStation 5 Slim ikifika Mtwara: mashine bora, bei ya hasara isiyotufikia

PlayStation 5 nyembamba, ile iliyoanza kuuzwa Novemba 2023 na ambayo wauzaji huiita Slim, ni mashine bora kuliko zote za gemu nilizowahi kuziweka mbele ya wateja wangu hapa Mtwara, na bado siwezi kumshauri kila mtu ainunue. Sababu ya kusita kwangu haimo ndani ya mashine yenyewe, bali katika namna ambavyo watengenezaji wa mashine za gemu hupanga bei zao: huuza chombo chini ya gharama au karibu kabisa na gharama, kisha hufidia pengo hilo kwa kila gemu, kila usajili na kila kifaa cha ziada ambacho mnunuzi atalipia baadaye. Huko mpango huo ulikotungwa, mnunuzi anaweza kuuona kama hisani. Ukisafiri hadi kusini mwa Tanzania unabadilika sura, kwa kuwa punguzo huishia njiani na masharti hufika yote.

Nina chumba cha gemu eneo la Chikongola, ambako kwa miaka kadhaa PS4 ndizo zilizobeba kazi, na PS5 hii ndiyo mgeni wa karibuni. Wanaokuja ni wanafunzi wa sekondari baada ya masomo, waendesha bodaboda wakisubiri abiria wa jioni, na vijana wanaoshuka kutoka Newala au Tandahimba kwa shughuli zao mjini, hasa msimu wa korosho. Mashine ya kibanda haipumziki kama ya nyumbani: padi, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea, inapita mikono mingi kwa siku, jua linapiga bati, na mtu aliyelipia mechi hana subira na kitu kinachokwamakwama. Kwa hiyo ninaloliandika hapa ni la mtu anayeitazama mashine ikifanya kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku, na ambaye hela iliyoinunua inapaswa kurudi.

Kwanza niipe mashine haki yake. Jambo linaloonekana mara moja ni kasi. Kwenye PS4, kati ya kuchagua timu na mpira kuanzishwa, wateja walikuwa na muda wa kubishana na kumaliza ubishi wao. Kwenye PS5 mechi inafunguka kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu hifadhi yake ya ndani yenye ukubwa wa TB 1 ni ya aina ya kisasa isiyokuwa na sahani inayozunguka. Katika biashara inayohesabu mechi, hilo si pambo, ni mapato. Sauti ya feni yake ni ndogo kiasi kwamba nililazimika kuweka mkono karibu na matundu ya nyuma ili nijue kama hewa inatoka. Picha ni safi hata kwenye televisheni ya kawaida ya inchi 32, ingawa ukweli ni kwamba uwezo wake mkubwa unahitaji televisheni ya gharama kubwa kuliko tulizonazo wengi wetu.

Padi nayo inastahili maneno zaidi. Mashine inakuja na gemu moja bila malipo, Astro's Playroom, ambayo imewekwa humo kiwandani ili kumwonyesha mchezaji uwezo wa padi, na ndiyo ninayomwekea mtu ambaye hajawahi kuishika. Kile kijitu kidogo kikitembea juu ya mchanga, viganja vyako vinahisi ukwaruzaji laini. Kikipanda juu ya chuma, unapata migongano midogo mikavu kila hatua. Mvua ikinyesha, matone yanadondoka mikononi moja moja. Vitufe vya nyuma, yaani L2 na R2, hukaza vyenyewe pale gemu linapotaka uhisi uzito wa kitu unachokivuta. Mtoto mmoja wa jirani aliishika kisha akaigeuza juu chini kutafuta kilichokuwa kikitembea ndani. Ubora wa aina hiyo haupatikani kwa bahati, na waliousanifu wanastahili kulipwa vizuri. Ninapopinga kuuza kwa hasara, ninapinga nikijua kwamba kazi ya namna hii ina gharama.

Upande wa umeme na hali ya hewa niseme kwa kifupi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, kwa hiyo mashine isikae sakafuni wala karibu na dirisha linalotazama bahari, na vumbi lisafishwe mara kwa mara. Umeme wetu, ingawa unafuliwa kwa gesi ya Mnazi Bay iliyo jirani, bado hukatika na kurudi kwa kishindo, hivyo stabilaiza nzuri ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine.

Sasa bei, ambayo ndiyo kiini cha tathmini hii. PS5 ya kwanza ilipotoka Novemba 2020, yenye sehemu ya diski iliuzwa Marekani kwa dola 499 na isiyo na sehemu ya diski kwa dola 399. Mashine hizo mbili zilikuwa sawa karibu kwa kila kitu isipokuwa ule mdomo wa kuingizia diski, na hakuna anayeamini kwamba mdomo huo uligharimu dola 100 kuutengeneza. Agosti 2021 Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, ilieleza kwamba toleo la dola 499 halikuwa tena likiuzwa kwa hasara, maana yake ni kwamba kwa miezi ya mwanzo lilikuwa hivyo. Aliyenunua isiyo na diski alipewa punguzo kubwa zaidi kwa sababu moja iliyo wazi: tangu siku hiyo angenunua kila gemu katika duka moja tu la mtandaoni, ambalo mwenye duka ndiye mwenye mashine.

Utaratibu huo ni wa zamani. Mwaka 2006 PlayStation 3 ilitoka Marekani kwa dola 499 na dola 599 kulingana na hifadhi yake, na kampuni ya uchambuzi ya iSuppli ilipoifungua na kujumlisha bei ya vipuri ilikadiria kwamba kila moja iligharimu zaidi ya dola 800. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2007, kitengo cha gemu cha Sony kilipata hasara ya yeni bilioni 232. Kwa upande wa Microsoft, wenye mashine ya gemu ya Xbox, Mei 2021, katika kesi ya kampuni ya gemu ya Epic dhidi ya Apple iliyosikilizwa California, Lori Wright aliyekuwa kiongozi katika biashara ya Xbox aliulizwa chini ya kiapo kama kampuni imewahi kupata faida kwa kuuza mashine zenyewe, naye akajibu kwamba haijawahi. Mwaka uliofuata, mkuu wa Xbox wakati huo, Phil Spencer, alisema kampuni inabeba kati ya dola 100 na 200 kwa kila mashine inayouzwa, ikitarajia kuzirudisha kupitia vifaa vya ziada na duka lake.

Kinachozirudisha kwa kiasi kikubwa ni mgawo wa karibu asilimia 30 ambao mwenye mashine huchukua kwenye kila gemu la kampuni nyingine linalouzwa katika duka lake la mtandaoni. Juu ya hapo kuna usajili wa kulipia ili kucheza na watu wengine mtandaoni, na padi ya pili ambayo bei yake haina uhusiano wa karibu na gharama ya kuitengeneza. Mkulima wa korosho aliyewahi kuchukua salfa, ile dawa ya mikorosho, kwa mkopo anaujua mpango huu kuliko mchumi yeyote: siku ya kuchukua hakutoa hata senti, lakini siku ya malipo makato yanaanza kabla hela haijamfikia, na yanahesabiwa kwa kilo. Tofauti ni kwamba mkulima aliliona deni lake limeandikwa kitabuni. Mnunuzi wa mashine ya gemu haandikiwi kitu. Anaambiwa tu kwamba bei ni nafuu.

Mpango wa namna hii unadhani kwamba kila mashine itakwenda kwa mtu atakayenunua gemu nyingi kwa bei kamili. Asiponunua, hesabu inavunjika. Mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya PlayStation 3 zaidi ya 1,700 na kuziunganisha ziwe kompyuta moja kubwa ya utafiti, kwa kuwa hapakuwa na njia rahisi zaidi ya kupata uwezo huo kwa bei hiyo. Kila moja ya mashine hizo ilikuwa mteja asiyenunua gemu hata moja. Mwaka huohuo Sony iliondoa kwa njia ya sasisho uwezo wa kuweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye PS3, ikitaja sababu za usalama. Sina haja ya kupinga sababu waliyoitaja. Naona tu kwamba kampuni inayouza chombo kwa hasara haiwezi kumwacha mnunuzi akitumie apendavyo, kwa kuwa matumizi huru ya mnunuzi ni hasara ya kampuni, na hapo ndipo mashine uliyoilipia inapoanza kuwa na mwenye nyumba.

Vibanda vyetu viko karibu na mfano huo wa jeshi kuliko na mfano wa familia ya London. Kibanda kinanunua mashine moja na diski moja ya gemu la mpira wa miguu, na diski hiyo inachezwa na mamia ya vijana kwa shilingi 500 kwa mechi. Kwa mizani ya mtengenezaji, sisi ni wateja wabaya kabisa. Nakubali. Lakini swali la haki linalofuata ni kama kweli tulipewa lile punguzo tunalodaiwa kulirudisha, na jibu langu ni kwamba hatukupewa.

Chukua hesabu yenyewe. Slim yenye sehemu ya diski ilitoka kwa dola 499, ambazo kwa kiwango cha takribani shilingi 2,500 kwa dola ni kama shilingi 1,250,000, kabla ya kodi ya mauzo ya huko. Mimi niliinunua dukani hapa mjini kwa shilingi 1,800,000. Mashine nyingi tunazoziona hazikuagizwa moja kwa moja kutoka kwa mtengenezaji kwa ajili ya soko letu; mfanyabiashara huzipata Dubai, zinafika Kariakoo, zinalipiwa ushuru na VAT ya asilimia 18, zinapita kwa muuzaji wa jumla, kisha zinapakiwa kwenye basi kwa safari ya zaidi ya kilomita 550 kuja kwetu. Barabara hiyo nayo ina gharama zake. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipolikata eneo la Somanga, mizigo ilikwama na bei za bidhaa za madukani zikapanda, na mfanyabiashara anayekumbuka siku zile anaweka akiba ya hatari hiyo ndani ya bei yake. Simlaumu. Ana kodi ya fremu, ana mkopo wa benki, na mtaji wake unakaa kabatini hadi minada ya korosho ianze Oktoba na watu wapate hela.

Ninachosema ni kwamba ndani ya zile shilingi 550,000 zilizoongezeka, hata kama mtengenezaji alijinyima dola 50 au 100, zimemezwa zamani. Na si hapa tu. Mwaka 2020 na 2021, PS5 ilipokuwa adimu, walanguzi katika Marekani na Ulaya waliikusanya kwa programu za kompyuta na kuiuza kwa bei ya juu mno, wakati mwingine karibu mara mbili ya ile ya dukani. Bidhaa ikiuzwa chini ya thamani ambayo watu wako tayari kuilipa, lazima mtu atokee katikati ya njia aichukue tofauti. Hasara ya mtengenezaji ikawa faida ya mlanguzi, na mchezaji aliyekusudiwa kunufaika akalipa bei ya juu kuliko ambayo ingetozwa na mtengenezaji anayetaka faida ya haki.

Masharti lakini hayapungui njiani. Slim imejengwa ili sehemu ya diski iweze kutolewa na kuwekwa, jambo ambalo kiufundi ni zuri sana: nikiivuta bamba la pembeni, kisanduku chake kinachomoka kwa kitufe kimoja, na kikiharibika fundi hana haja ya kufungua mashine nzima. Hata hivyo, mara ya kwanza inapounganishwa ni lazima mashine iwe na intaneti ili sehemu hiyo ithibitishwe na Sony, na bila uthibitisho huo diski yako halali, uliyoinunua kwa fedha halali, haisomeki. Muuzaji hakuniambia. Nililijua kibandani, bando likiwa limekwisha, wateja wakiwa wamekaa. Toleo lisilo na diski lilitoka kwa dola 449, yaani nafuu ya dola 50, lakini sehemu ya diski ikinunuliwa peke yake ilikuwa dola 79. Anayekimbilia unafuu huo kisha akajutia analipa zaidi kuliko aliyenunua kamili tangu mwanzo. Kigingi cha kuisimamishia wima nacho, ambacho PS5 ya kwanza ilikuja nacho ndani ya boksi, sasa kinauzwa pembeni.

Kuhusu duka la mtandaoni, tatizo letu ni la msingi zaidi. Huduma ya PlayStation hufanya kazi katika nchi zilizo kwenye orodha ya Sony, na kijana wa huku anayefungua akaunti hujikuta akichagua Afrika Kusini, Uingereza au Marekani kama nchi yake, kisha anatafuta kadi za zawadi za nchi hiyo kwa wauzaji wanaoongeza bei yao. Mei 2024 dunia iliona ukubwa wa jambo hili pale Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation: gemu liliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo, na kampuni ikarudi nyuma baada ya malalamiko makubwa. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa katika kundi hilo. Hebu fikiria mashine isiyo na sehemu ya diski mikononi mwa mtu ambaye duka pekee la mashine hiyo halimtambui alipo.

Ongeza na bando. Gemu kubwa za siku hizi hufika GB 100 na kuzidi, na mtu anayepakua kwa laini ya simu kutoka Mikindani au Shangani atatumia fedha ya kutosha kununua diski iliyotumika kabla hajaanza kucheza. Diski haina mambo hayo. Diski ya PS4 iliyotumika naipata kwa kati ya shilingi 50,000 na 80,000, PS5 yenye sehemu ya diski inasoma karibu gemu zote za PS4, na nikilichoka gemu nalibadilisha na mwenzangu wa Ligula kwa kuongeza kidogo. Gemu jipya mtandaoni ni dola 69, yaani zaidi ya shilingi 170,000, na haliuziki wala haliazimishwi. Gemu moja tu la namna hiyo linaumeza unafuu wote wa toleo lisilo na diski.

Wapo wanaoitetea bei ya hasara kwa hoja zenye uzito, na sipendi kuzipita kama hazipo. Mwaka 2001 Microsoft iliingia sokoni na Xbox ya dola 299 ikijua inapoteza, na bila uvumilivu huo pengine Sony ingebaki bila mshindani wa maana. Ushindani huo umetupa gemu bora na padi bora. Hoja hii ni ya kweli, lakini inaonyesha pia nani anayeweza kuucheza mchezo huo: kampuni yenye mapato makubwa kutoka kwingine. Kampuni ya Sega iliuza mashine yake ya Dreamcast Marekani kwa dola 199 kuanzia Septemba 1999, haikuwa na mfuko wa aina hiyo, na Januari 2001 ikatangaza kwamba inaachana kabisa na utengenezaji wa mashine. Mashine ilikuwa nzuri. Kilichoishinda Sega si kukosa ustadi bali kukosa pumzi, na mashindano yanayoamuliwa na pumzi ya mfuko humwacha mnunuzi na wauzaji wawili au watatu wa kuchagua.

Nintendo, mtengenezaji mwingine wa mashine za gemu, ilionyesha njia nyingine. Mashine yake ya Wii ilitoka mwaka 2006 kwa dola 249 na Switch mwaka 2017 kwa dola 299, na zote mbili hazikuuzwa kwa hasara, kwa sababu kampuni iliridhika na vipuri vya nguvu ya kati na kuweka ubunifu kwenye namna ya kucheza. Pale Nintendo yenyewe ilipolazimika kushuka chini ya gharama ndipo ilipoumia: Agosti 2011 bei ya 3DS, mashine yake ndogo ya mkononi, ilikatwa kutoka dola 249 hadi 169, rais wake Satoru Iwata akajikata nusu ya mshahara, na mwaka huo wa fedha uliishia na hasara kwa kampuni nzima. Mashine iliokoka, lakini sioni mfano wa kuigwa humo.

Na kuna ushahidi ulio karibu nasi zaidi, ambao wachumi wa huko hawautazami. Mashine iliyofungua vibanda vya Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea ni PS2. Ilitoka Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, mwaka 2009 ilikuwa dola 99, na utengenezaji wake uliendelea hadi miaka kumi na miwili ilipokuwa imepita. Haikutufikia kwa sababu kuna aliyejitolea kupata hasara mwaka wa kwanza. Ilitufikia kwa sababu kadiri miaka ilivyopita vipuri vilikuwa rahisi, na urahisi huo ukahamishiwa kwenye bei, tena kwa muda mrefu kiasi cha kuvuka bahari na kukaa kwenye meza zetu za mbao. Na kwa sababu diski zake zilipita mkono kwa mkono. PS5 imekwenda kinyume. Agosti 2022 bei yake ilipandishwa Ulaya, Japani na kwingineko, na Agosti 2025 Marekani nayo ikapandishiwa hadi dola 549 kwa yenye diski. Mashine ya miaka mitano ikawa ghali kuliko ilipozaliwa. PS5 Pro, toleo lenye nguvu zaidi lililotoka Novemba 2024 kwa dola 699, imetoka bila sehemu ya diski kabisa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba watengenezaji wasiuze mashine chini ya gharama. Waseme bei ya kweli, iwe na faida ndogo ya haki, kisha wamwachie mnunuzi diski yake, sehemu ya kusomea diski isiyohitaji ruhusa, na uhuru wa kununua gemu popote. Mnunuzi wa Mtwara tayari analipa bei ya kweli na zaidi. Anachokosa ni ule uhuru ambao bei hiyo ilipaswa kuja nao. Na punguzo la kweli, lile la vipuri kuwa rahisi mwaka hadi mwaka, lingerudi kwenye bei kama ilivyokuwa enzi za PS2, badala ya kutumika kuziba shimo la siku ya kwanza.

Kwa anayetaka kununua sasa, ushauri wangu unategemea kazi. Kwa nyumbani yenye watoto na bajeti ya kawaida, PS4 iliyotumika na iliyokaguliwa na fundi unayemwamini bado inatosha, na tofauti ya bei itanunua diski za mwaka mzima. Kwa kibanda chenye wateja wa kutosha, Slim yenye sehemu ya diski inajilipa, kwa kuwa kasi yake inaongeza mechi kwa siku na mvuto wake unawaleta watu kutoka mitaa ya mbali. Isiyo na diski siishauri kwa mtu yeyote wa mikoa hii, hata ikitolewa kwa bei ya chini. Anayependa mpira wa mtandaoni bila kulipia usajili wa PlayStation Plus ajue kwamba gemu zinazotolewa bure kama eFootball hazidai usajili huo. Xbox Series S ni nafuu kwa bei, nayo haina diski, kwa hiyo ninayoyasema kuhusu PS5 isiyo na diski yanaihusu pia.

Dukani usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako. Mwombe muuzaji aiunganishe na intaneti ya simu, sehemu ya diski ithibitishwe palepale, kisha uweke diski yako mwenyewe uliyokuja nayo mfukoni uone inasoma. Dai risiti halali ya kodi (EFD) iliyoandikwa namba ya mashine, na uulize waranti ni ya duka au ya nani, na ikiharibika inapelekwa wapi. Mwisho, tazama boksi kwa makini kama imetoka Japani, kwa kuwa bidhaa nyingi za mitumba tunazozipenda hutoka huko. Novemba 2025 Sony ilianza kuuza Japani PS5 isiyo na diski kwa yeni 55,000, na Nintendo ilikwisha fanya hivyohivyo na Switch 2 kwa yeni 49,980: zilitoka kwa bei ya chini sana, lakini zinatumia lugha ya Kijapani pekee na zimefungwa kwa akaunti za Japani. Moja ikifika kwenye kabati la duka hapa mjini kwa bei ya kushangaza, muulize muuzaji akuonyeshe ukurasa wa kuchagua lugha kabla hujatoa simu kulipa.